Meno Kwenye Betri

Sajenti Marselina Mkude alikwisha kuwahoji wezi wa ng'ombe, wezi wa katani, na mzee wa kanisa aliyeuza kengele ya kanisa lake mwenyewe. Mwizi wa nyimbo hakuwa amewahi kumwona. Asubuhi hiyo, katika chumba cha mahojiano kituoni Kilosa, hakuwa na hamu ya kumwona pia.

Mezani palikuwa na kielelezo: bati la biskuti lililotobolewa kwa msumari, waya zikichungulia ubavuni, swichi iliyong'olewa kwenye redio mbovu, na kitaa kimoja chekundu kisichowaka. Ng'ambo ya meza alikaa mtu aliyelitengeneza, Theodory, fundi redio wa Mikumi, ambaye usiku wa mahabusu haukumpunguzia majivuno hata kidogo.

"Eleza tena hili dude linafanya nini," alisema Marselina.

"Nimeshaeleza, afande."

"Ulimweleza koplo. Sasa nieleze mimi, na ueleze kama unayeongea na mtu asiyetaka kukusikiliza."

Theodory alijiweka sawa kitini. "Lea, yule dada wa gesti ya Magreth, ana gemu ya mkononi. Mtalii mmoja wa mbugani alimwachia. Ina kaseti ya kutungia muziki badala ya mchezo. Anabonyeza, anapanga ngoma, anapanga kinanda, anahifadhi. Sasa, nyimbo zile ndani ya kaseti zinalindwa na kibetri bapa kama cha saa. Kibetri kikifa, nyimbo zote zimekufa. Na kilikuwa kinakufa."

"Si ungekibadilisha?"

"Ukikitoa tu, kwaheri nyimbo. Kimechomelewa kwa risasi ya kuyeyusha." Alitabasamu kwa huruma, na Marselina alichukia kuhurumiwa na mtu mwenye masizi puani. "Ndipo nikabuni sanduku hili. Linameza kila kilichomo kwenye kaseti na kukitunza lenyewe. Ukichomeka gemu yoyote ya aina ile kwenye waya huu, linaimba. Mtu kama mimi, afande, angezaliwa Japani…"

"Ungekuwa mahabusu ya Japani. Linatunza kwa kutumia nini?"

"Betri nne za redio. Mbili zenye tepu nyekundu, mbili zenye tepu nyeusi. Ukibadilisha nyekundu, nyeusi zinashikilia. Ukibadilisha nyeusi, nyekundu zinashikilia. Mradi usizitoe zote kwa pamoja. Hata mjinga anaelewa."

"Mjinga yupi ulimweleza?"

"Sikumweleza mtu. Kitu kizuri kinajieleza chenyewe."

Marselina aliguna. Mwaka huo wa 2003 alikuwa ameanza kuwachoka watu wa namna hii. Tangu biashara ifunguliwe kwa kila mtu, mwenye redio mbili amejiita studio na mwenye bisibisi amejiita injinia, na wote wakiharibikiwa wanakuja kulia kituoni.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jioni moja Lea alimaliza wimbo wake wa mwisho, akapeleka gemu kwa Theodory, nyimbo zote zikanakiliwa sandukuni. Theodory akang'oa kibetri kilichochoka kwenye kaseti ili asubuhi achomelee kipya. Kwa hiyo usiku ule nyimbo hazikuwa popote duniani ila ndani ya bati lile la biskuti. Kulipokucha kufuli la kibanda lilikuwa limekatwa na bati halipo. Siku chache baadaye Lea mwenyewe aliliona chini ya meza ya Theodory, nyuma ya maganda ya redio. Walipolichomeka lilikuwa kimya. Lea hakungoja maelezo, alikwenda moja kwa moja polisi. Mkuu wa kituo alitaka Theodory afikishwe mahakamani Jumatatu, jalada lifungwe, watu wafanye kazi za maana.

"Kati ya kupotea na kuonekana, nani aliingia kibandani kwako?"

"Madereva, kama kawaida. Magreth alileta redio. Oswald wa studio alileta maikrofoni, haikuwa hata mbovu."

Marselina alifungua bati akatoa betri moja baada ya nyingine. Zilikuwa zile za ganda la karatasi ngumu, za bei poa. Upande mmoja rangi ilikuwa imepauka. Akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kila betri, zote nne, palikuwa na vishimo vilivyobonyea.

Hakuhitaji mtaalamu kutoka Dar. Nchi nzima inaijua tiba ya betri iliyochoka: unaianika juani, na ikikaidi unaing'ata. Baba yake alizing'ata kila taarifa ya habari ilipokaribia. Lakini hizi zilikuwa zimeng'atwa vizuri mno. Juu palikuwa na alama mbili pana zenye nafasi katikati, na ile ya kushoto ilikuwa na ncha iliyokatika.

"Fungua mdomo," alimwambia Theodory.

"Afande?"

"Umekuwa ukiufungua tangu asubuhi bila kuombwa. Fungua."

Theodory alifungua. Juu, mbele, hapakuwa na kitu, fizi tupu kutoka chonge hadi chonge.

"Baiskeli," alisema fundi kwa aibu. "Mteremko wa Zombo."

Marselina alikasirika. Angependa sana mtu huyu awe na hatia.

*

Alifika Mikumi juu ya fuso la mahindi, mavumbi yamemjaa hadi kwenye kope, na kila dereva alipokanyaga breki za upepo mlio ulimpasua masikio. Stendi alinunua muhogo mbichi, wakamkatia vipande na kumpakia chumvi na pilipili. Aling'ata, akatafuna, akakitazama kile kilichobaki mkononi. Meno yake mwenyewe yalikuwa yamejichora pale, safi kabisa, hadi lile lililopinda. Alirudi kwa muuzaji akanunua muhogo mzima mwingine.

Gesti ya Magreth ilikuwa nyuma ya mizani ya kupimia magari, mahali malori yanapopangana. Jambo la kwanza aliloliona Marselina, kabla hata ya mwenye gesti, lilikuwa betri juu ya bati la jiko, zimepangwa juani kwa mstari.

"Za nani zile?"

"Zangu," alisema Magreth, mwanamke mnene mwenye kanga mbili na sauti ya kuitia wapangaji. "Kuna sheria imetoka?"

"Lea alikuwa anakukera na gemu yake?"

"Ananikera mpaka leo! Usiku kucha anabonyeza kidude, asubuhi vitanda havijatandikwa. Nilimwambia, mimi nimeajiri mhudumu, sikuajiri mtoto wa kucheza. Hilo sanduku lingetumbukia chooni ningechinja kuku."

"Ulikwenda kwa Theodory kulitumbukiza?"

"Nilipeleka redio. Na huyo Theodory naye, muulize ipo wapi redio yangu."

Marselina alimpa kipande cha muhogo. Magreth alishangaa, lakini hakuwa mtu wa kukataa chakula. Alama zake zilikuwa za meno yaliyobanana, hayana hata pa kupitisha uzi.

"Betri zako unazing'ata?"

"Nizing'ate? Mimi si mshamba, dada. Naanika tu." Alisema hivyo kwa fahari, na Marselina akaiacha njia hiyo hapohapo.

Lea alikuwa uani anafua mashuka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, na alisimama wima kama aliyeitwa kupokea zawadi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Theodory hakuiba."

"Basi ni tapeli. Sanduku lake halikufanya kazi."

"Ulijuaje?"

"Mtu anayejisifu vile hawezi kutengeneza kitu." Alikamua shuka kwa nguvu. "Afande, mimi sina haja na Theodory wala na sanduku. Nataka nyimbo zangu. Nimezipanga misimu miwili ya mvua, sauti moja moja, na hapa kila mtu ananicheka. Hakuna kingine nilichonacho ambacho ni changu."

"Zikoje? Ule wa mwisho ukoje?"

Lea alimwangalia kuona kama na yeye anacheka. Marselina hakuwa anacheka, ingawa alikuwa na maoni yake kuhusu muziki wa vidude.

"Unaanza na breki za malori pale mizani. Pssi, pssi, pssi, mara tatu. Halafu ngoma inaingia taratibu. Hakuna aliyewahi kuusikia. Nilikuwa natumia visikilizio, na niliumaliza jioni ileile niliyoupeleka kwa Theodory."

"Theodory hakuusikia?"

"Sikumruhusu."

Walipoingia ndani, ukutani kwenye chumba cha kulia, palikuwa na bango limebandikwa juu ya bei za vyumba. Kijana mwenye miwani ya jua alikuwa anatabasamu mdomo wote, na chini yake jina OSWALD kwa herufi zinazowaka moto. Mwanya wake ulikuwa umechukua katikati ya bango. Watu huupenda mwanya, na mwenye nao alionekana kuupenda kuliko wote.

"Huyu anakuja hapa?"

"Anakuja kuuza kanda stendi," alisema Lea. "Siku moja alichomoa kisikilizio sikioni mwangu akasikiliza. Akasema muziki wa gemu si muziki. Kesho yake akarudi kuniuliza kama ninazo nyingine. Nikamwambia Theodory ananitengenezea sanduku la kuzitunza zote."

Marselina alilibandua bango lile, akalikunja na kuondoka nalo.

*

Studio ya Oswald ilikuwa chumba kimoja cha kupanga Mabwerebwere, mjini Kilosa. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoke, na harufu ya kuku ilikuwa haijatoka pia. Oswald alimpokea Marselina akiwa na miwani ya jua humo ndani gizani.

"Sista afande! Karibu kwenye kiwanda."

"Mimi si sista yako. Unatengeneza nini hapa?"

"Muziki. Yaani, nachukua kitu ghafi, nakipa roho. Watu wa huku bado wamelala, afande, hawajui soko huru ni nini. Mwenye sikio ndiye mwenye mali."

"Nimesikia wewe ni mkali," alisema Marselina, bila kuliamini neno lake mwenyewe. "Nipigie kitu kipya. Kile unachokiona ni bora kuliko vyote."

Ilikuwa rahisi kiasi cha kusikitisha. Mwizi wa ng'ombe huficha hata ngozi. Huyu alikimbilia kwenye rafu, akachagua kanda, akaisukuma kwenye redio kaseti na kuongeza sauti. Kando ya redio palikuwa na gemu ya mkononi, kuukuu, ya mtumba.

Pssi. Pssi. Pssi.

Marselina alikuwa ameketi juu ya fuso nusu siku, mlio ule aliujua. Kisha ngoma ikaingia, nyepesi, ya kidude kweli, lakini mguu wa Marselina ulicheza mara mbili kabla hajaukataza. Halafu juu ya muziki ikaja sauti ya Oswald inapiga kelele: "Oswald! Oswald wa Kilosa! Mmesikia wenyewe! Oswald!"

"Hiyo sauti ya mwanzo umeitoa wapi?"

"Kichwani, afande. Vitu vinakuja tu."

"Kula muhogo."

"Eh?"

"Nimetembea nao tangu Mikumi. Mwenyeji hakatai cha mgeni."

Oswald aling'ata, akicheka. Marselina aliupokea muhogo mkononi mwake kabla hajamaliza kutafuna, akauweka mezani, na pembeni yake akaweka betri moja yenye tepu nyekundu. Alama mbili pana, nafasi katikati, ya kushoto ncha imekatika. Kisha akalikunjua bango na kulilaza hapo pia.

Oswald alivua miwani. Bila miwani alikuwa na macho madogo ya mtu wa kawaida.

"Watu wengi wana mwanya," alisema.

"Wengi. Na wengi wanang'ata betri. Lakini wimbo uliomalizwa jioni ile, ukalala sandukuni usiku ule, haujasikiwa na mtu mwingine. Umenipigia mwenyewe, kwa sauti ya juu. Sikukulazimisha."

Nje kuku aliyetaga alikuwa akijitangaza.

"Mimi nilitaka kuliokoa," alisema Oswald hatimaye. "Nilirekodi huo mmoja nipime sauti. Niliporudi kurekodi zingine, kitaa chekundu kinafifia. Betri zimekwisha. Yule fundi fisadi aliweka betri za ovyo! Nikazitoa, nikazing'ata, nikazianika."

"Zote nne?"

"Sasa utazianikaje zikiwa ndani?"

Marselina alikuwa amewadharau watu wengi katika kazi hii, waongo, wachoyo, walevi, lakini huyu alimtia uchovu. Mtu amekata kufuli, ameiba mali pekee ya mtu, kisha ameifuta yote kwa mikono yake kwa sababu hakutaka kununua betri mpya dukani hatua chache kutoka mlangoni kwake.

"Nilipozirudisha sanduku halikuimba," aliendelea Oswald, na sasa alikuwa analalamika kabisa, kama yeye ndiye aliyeibiwa. "Nikajua Theodory ni tapeli. Nikamrudishia uchafu wake."

"Vaa viatu," alisema Marselina.

*

Theodory alitoka mahabusu siku hiyohiyo, na Lea alipofika kutoka Mikumi kuandikisha maelezo mapya, fundi alikuwa bado barazani anamngojea.

"Nilikuambia linafanya kazi," alimwambia. "Oswald ndiye alizitoa betri zote nne kwa pamoja, likafutika."

"Hukuniambia zisitolewe zote."

Theodory alifungua mdomo wake usio na meno ya mbele, kisha akaufunga. Aliinamisha kichwa akashuka ngazi.

Ndani, Marselina alimweleza Lea kila kitu bila kumzungusha. Katika hati ya mashtaka ingeandikwa bati moja la biskuti na betri nne, maana hivyo ndivyo vilivyoshikika. Nyimbo zote zimefutika, isipokuwa mmoja, na huo upo kwenye kanda ya Oswald, nayo kanda ni kielelezo, itakaa kabatini mpaka kesi iishe.

"Naomba niusikie mara moja," alisema Lea.

Utaratibu haukuruhusu. Marselina alimwita konstebo Bonifas alete redio ya chumba cha zamu. Kanda ikaingia. Pssi, pssi, pssi. Lea alifumba macho. Ngoma ikaja, na Bonifas mlangoni akatikisa kichwa kwa kupenda. Kisha Oswald akaanza kupiga kelele jina lake, na katikati ya jina kanda ikapungua mwendo, sauti ikawa nzito, ikakokota, ikafa.

"Betri," alisema Bonifas. Alifungua kifuniko nyuma ya redio, akatoa ya kwanza, na bila kufikiri lolote akaipeleka mdomoni.

"Konstebo!"

Bonifas aliganda na betri katikati ya meno. Aliitoa taratibu, akaifuta kwenye suruali, akatoka kwenda dukani bila kutumwa.

Lea hakucheka. Alikuwa anaitazama redio.

"Pale anapopiga kelele," alisema, "chini yake kuna filimbi. Filimbi ndiyo wimbo wenyewe. Hiyo ngoma ni ya kuikaribisha tu."

"Si utaipanga tena?" aliuliza Marselina. "Unaikumbuka?"

Lea alifungua mdomo aimbe. Alivuta pumzi, akaanza sauti moja, akaiacha, akajaribu nyingine ya juu zaidi. Vidole vyake vilibonyeza meza, vikitafuta vitufe ambavyo havikuwapo.

"Sikuwahi kuiweka kichwani, afande," alisema. "Niliiweka sandukuni."